Kusubiri Gari la Kliniki Endamarariek

Zamani, gari la kliniki lilipopanda kilima cha Endamarariek, honi yake ilisikika kabla vumbi halijaonekana. Selestina, wakati huo msichana, alikuwa wa kwanza kutoka mbio na mdogo wake mgongoni, mtoto ameogeshwa na kupakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa. Hakuna mama aliyetaka mwanawe aning'inizwe kwenye mzani akiwa mchafu. Wauguzi wa shirika lililoleta gari hilo wakichoma sindano, akina mama walitaniana: "Wako kanona kweli, au umemtia mawe kwenye nepi?" Dawa bure, uji bure, kicheko bure.

Halafu mradi ukaisha. Gari likaacha kuja.

Basi miaka mingi baadaye, Jumapili moja katekista alipotangaza kwamba shirika linarudi Alhamisi, Selestina, sasa naye mama, alifurahi kama kaambiwa marehemu mama yake yuko njiani. Jumanne mwanawe Piusi akaanza kukohoa.

"Keshokutwa tu," alimwambia jirani yake, Laurencia. "Wale wauguzi wa gari wanawajua watoto."

Alhamisi alfajiri, kwenye baridi ile, akamwogesha, akampaka mafuta, wakaenda kukaa na wenzao kwenye baraza ya kanisa. Jua likapanda. Barabara kimya. Laurencia akamfunua mtoto khanga, akashtuka. Kila Piusi alipovuta pumzi, ngozi chini ya mbavu ilizama ndani.

"Mama Piusi, huyu hapumui, huyu anapigana!"

"Litafika sasa hivi, dada. Wakati ule..."

"Wakati ule ulikuwa wakati ule! Umemremba mtoto kwa ajili ya nani, mzani?"

Selestina akatazama midomo ya mwanawe. Ilikuwa inageuka rangi. Akainuka. Laurencia akamsimamisha Felisiani wa bodaboda.

"Shemeji, Karatu, hospitali; huyu si wa zahanati tena. Usituangushe, ila usiende mwendo wa bibi harusi!"

Wodini nesi akamwekea Piusi mrija wa oksijeni puani.

"Nimonia, mama. Kwenu hakuna zahanati, mpaka afikie hali hii?"

"Ipo."

"Mbali?"

"Hapana. Nilikuwa nasubiri gari la kliniki."

Nesi hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni Piusi akalia, kilio cha hasira, akiung'ang'ania ule mrija autoe.

"Ana nguvu ya kulia! Hicho ndicho tulichokuwa tunakitaka," nesi akacheka.

Selestina naye akalia. Hadi leo analikumbuka gari lile, ambalo bado halijarudi, na likirudi atakwenda. Lakini akina mama, mtoto akibanwa kifua asisubirishwe. Mbebeni saa hiyohiyo, kama alivyo, na makamasi yake.