Mashine Zisizo na Jogoo

Baba yake mhandisi, fundi bomba mwenye maneno mengi kuliko spana, hakuukubali mfumo wa binti yake tangu siku ya kwanza.

"Kompyuta zote hizo na hakuna bosi? Mwanangu, hata kuku wana jogoo."

Mhandisi alimweleza kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa watu wengine. Kila kituo cha waokoaji kina kompyuta yake, yenye orodha ya watu walioonekana wakiwa hai. Mtandao ukiwepo, zinapashana habari. Ukikatika, kila moja inaendelea kuandika ya kwake bila kuomba ruhusa. Zikikutana tena zinaunganisha yote, na haijalishi ipi imetangulia kusema. Zote zitafika kwenye orodha ile ile, bila ugomvi.

"Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo," mzee alibisha.

"Kwangu mimi, baba, asiyekuwepo lake linangojwa."

"Na bila ugomvi! Basi umeweza lililonishinda mimi na dada zangu."

Kisha mto ukavunja kingo, na minara ya simu ikalala. Mhandisi alikuwa kwenye kituo cha shule, ndani ya maabara yenye meza zilizoliwa na tindikali. Jina la baba yake lilikuwa kwenye orodha. Kituo cha sokoni kilikuwa kimelituma kabla mtandao haujakatika. Alilitazama kila mara, kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha funguo zipo.

Alasiri akaingia dereva wa trekta, matope mpaka kifuani.

"Kituo cha sokoni hakipo tena. Ukuta umeanguka, maji yamewazoa waliokuwamo. Fundi bomba nimemwona mwenyewe akienda na maji. Pole sana, dada."

Utaratibu ulikuwa wake mwenyewe: shahidi akisema mtu amekwenda, jina linafutwa, ili ndugu wasipewe matumaini ya uongo. Kipara, mwenzake wa zamu, alinyoosha mkono. "Niachie mimi."

"Hapana." Akalifuta mwenyewe. Shangazi yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, akaangua kilio, na hakukubali kuketi.

Asubuhi mafundi wakausimamisha mnara. Vituo ambavyo havikuwa vimesemezana tangu mafuriko vikaanza kumiminiana majina. Mtoto aliyeandikwa mara mbili, darajani na kwenye zahanati, akawa mtoto mmoja, na hakuna alichopoteza. Kikongwe ambaye kila kituo kilijua habari zake nusu akawa mtu kamili. Hakuna aliyeamrisha. Nje ya madirisha watu walikuwa wakitajiana majina ya ndugu zao na kupiga yowe la furaha. Mhandisi alikuwa ameyathibitisha haya kwa hesabu, akayajaribu mara nyingi, lakini hakuwa ameyaona yakiwa na watu ndani yake. Mwili ulimsisimka. Aliogopa kugusa chochote.

Ndipo jina la baba yake likatokea.

"Mfumo umekosea," Kipara alisema kwa sauti ya chini. "Jana si ulimfuta? Umekurudishia la zamani."

Kama mfumo ulifufua waliofutwa, basi yowe lote lile la furaha nje lilikuwa uongo, na uongo huo ni wake. Akaifungua kumbukumbu. Lile la sokoni lilikuwa limefutwa, na kila kompyuta ilikubali hivyo. Hili lilikuwa jingine.

"Kufuta kunafuta kile tu ulichokiona," alisema polepole. Kanuni hiyo aliiandika yeye, na sasa ilimshangaza kana kwamba ameisikia kwa mtu. "Nilifuta la sokoni. Hili limeandikwa kituo cha mlimani, jana jioni, sisi huku tunalia. Sikulijua, kwa hiyo mkono wangu haukulifikia."

"Majina yanafanana, mwanangu," shangazi alisema. "Usijitese."

Mhandisi alishuka hadi sehemu ya alama za utambulisho, akasoma kwa sauti:

"Ameokolewa kwenye mti. Mguu umevunjika. Mdomo mzima. Anauliza kama zile mashine zimeshapata jogoo."



"Huyo ni kaka yangu," shangazi alisema, akavuta kiti, na hatimaye akaketi.