Mbele ya Mashua Isiyo na Nahodha

Wavuvi wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, walikuwa wamekataa katakata, na usiwalaumu. Nani akubali kukatiza kwa mtumbwi mbele ya mashua ya mizigo isiyo na nahodha, eti mashua yenyewe itamwona na kumkwepa? Willis, mwenyekiti wa ufuo, alimwambia Lynnet wazi kwamba kama mtambo wake unaona kweli, aweke mtu wake mwenyewe pale majini. La sivyo, mashua hiyo haitapita kwao.

Lynnet ndiye mhandisi aliyeifundisha mashua ile kukwepa. Rada, kamera, miale ya leza, vyote alivihangaikia kwa sababu baba yake, akivua ziwani humu, aligongwa na kuuawa na boti ya kasi ambayo nahodha wake aliapa hakuona kitu. Angeingia mtumbwini yeye, lakini nani angebaki ufuoni kushika swichi ya kuzima injini?

"Mimi ni mtu wake," akasema Awino, mamake, muuza omena, dagaa wa ziwani, huku akivua viatu. Lynnet alimsihi, akamkasirikia, wapi! Mama huyu akishaamua, ameamua.

Basi akapiga kasia. Mashua nayo ikaja mbio, chuma kitupu. Lynnet alikuwa na kidole juu ya swichi. Akibonyeza, mama yuko salama, ila jaribio limekufa na wavuvi hawatampa nafasi nyingine. Mwendo wa mama ulikuwa mzuri, angevuka bila shida. Lakini alipofika katikati kabisa, Awino aliweka kasia chini, akakaa tuli.

Jamani, mama huyu! Kabla Lynnet hajabonyeza, mashua yenyewe ikapunguza mwendo, ikakata kulia, ikamzunguka Awino kwa mbali, taratibu, kwa adabu zake zote, hata wimbi lake likamfikia mama likiwa halina nguvu. Kisha ikarudi kwenye njia yake na kuendelea na safari. Uzuri ulioje! Willis akavua kofia.

Lynnet aliingia majini na nguo zake, analia, amekasirika, anafurahi, vyote pamoja. Akaushika mtumbwi na kumuuliza mamake kwa nini alisimama pale katikati.

"Baba yako alikuwa amesimama," Awino akasema. "Alikuwa anavuta nyavu. Nilitaka kujua kama hii ingemwona."