Muhuri wa Samaki

Fundi mihuri hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Miaka ishirini amekaa kwenye kibanda chake nje ya mahakama akichonga mihuri ya mawakili na ya shule, na kazi hiyo humfundisha mtu kuamini kinachoonekana kwenye karatasi, basi. Lakini mama yake alipomletea kikaratasi alichokikuta chini ya droo ya kabati, kisu kilimponyoka mkononi.

"Huu si mwandiko wa marehemu mdogo wako?" mama aliuliza. "Mimi sielewi kitu. Wewe ndiye uliyekuwa ukicheza naye."

Yeye alielewa neno kwa neno. Utotoni walikuwa na mchezo wao: mmoja alificha kopo lenye daftari na muhuri wake, uliochongwa kwenye soli ya kandambili, kisha akamwandikia mwenzake maelekezo. Aliyelipata aligonga muhuri wake daftarini, akauacha humo, akaondoka na wa mwenzake. Muhuri wake yeye ulikuwa kuku, wa mdogo wake samaki. Na wakigombana, kugonga muhuri chini ya maneno ya mwenzako kulimaanisha yamekwisha.

Ugomvi wa mwisho haukufika huko. Yeye, dada mtu, kwa kiburi cha miaka kumi na miwili, alikataa kwenda kutafuta kopo, hata maelekezo hakuyasoma. Mdogo akamngoja kutwa nzima kwenye mvua, akarudi na homa, na wiki haikwisha wakamzika. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wake alikuwa na miaka thelathini na moja, ameshaota ndevu, na hata mama hakuwahi kuambiwa.

Saa sita mchana alikuwa kwenye makaburi ya zamani, ambako hazikwi mtu tena. Kikaratasi kilisema: *Malaika asiye na pua. Elekea ukutani. Hatua arobaini. Palipopasuka.*

Sanamu ya malaika aliiona mara moja. Alihesabu hatua, akafika ishirini na nane, akagota ukutani. Akarudi, akaanza upya, ukuta uleule. Mlinzi, aliyeketi kwenye lango pekee la kuingilia, alicheka.

"Mama, unapima kiwanja? Hapa wenyewe wameshajenga!"

Ndipo alipojiona mjinga. Zile zilikuwa hatua za mtoto wa miaka tisa. Akavua mtandio, akajifunga magoti ili miguu isitanuke, akaanza tena kwa sauti. Alipofika thelathini, sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba. Akajiambia ni vumbi tu. Alipotamka thelathini na tisa, akasikia arobaini, na yeye alikuwa bado hajafungua mdomo.

Mbele yake palikuwa na kaburi lililopasuka ubavuni. Akaingiza mkono, akatoa kopo lenye kutu. Muhuri wa samaki ulikuwemo, na pedi ya wino wa zambarau iliyokauka mpaka ikafanya nyufa. Daftarini, samaki mmoja aliyefifia, na chini yake: *Nakungoja.*

Akatoa muhuri wa kuku aliouchonga asubuhi ile, akaugonga kwa wino wake wa buluu, akaandika: *Nisamehe.* Akamwacha kuku humo, kama sheria ilivyotaka. Samaki akamfunga kwenye leso, mafundo mawili, akamtia mkobani. Akarudisha kopo, akafungua magoti, akaenda zake.

Langoni mlinzi alimsogezea daftari la wageni. "Andika saa ya kutoka. Leo umeingia wewe peke yako."

Alitafuta kalamu mkobani, asiione. Alikuwa ameisahau ndani ya kopo.

Akarudi. Safari hii kifuniko kilikuwa kimelegea, na yeye alikuwa amekikaza kwa mikono miwili. Akafungua daftari. Chini ya neno *Nisamehe* palikuwa na samaki wa zambarau, wino wake bado mbichi.

Akagusa pedi ya koponi. Kavu vilevile. Akafungua mkoba, akatoa leso. Mafundo yalikuwa kama alivyoyafunga, lakini kitambaa kilikuwa kimelowa zambarau hadi pembeni, na wino ukamchuruzikia vidoleni.

Alilia kwa sauti, bila kumwonea haya mlinzi wala wenyeji wa pale. Alikuwa amesamehewa.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema, na hakuthubutu kugeuka nyuma.