Tone Lisilo na Chumvi

Fundi gia akikwambia "tulia, ni kitu kidogo," ujue na yeye anaogopa. Nimeifanya kazi hii miaka thelathini na moja na maneno hayo nimeyasema mara nyingi. Asubuhi ile nilimwambia binti yangu Tamsin.

Kutoka kambi yetu ya uvuvi kwenda kwenye lami, barabara ni ufuko wenyewe: kilomita kumi na tisa za mchanga, unapita maji yakipwa. Yakijaa, bahari inafika hadi kwenye vilima vya mchanga, na hapo gari halipandi. Tamsin alikuwa na mimba ya wiki thelathini na tano. Mumewe yuko mgodini, basi akaja kukaa nami siku mbili, avue samaki na anicheke. Saa mbili asubuhi chupa ikapasuka. Mtoto alikuwa ametanguliza matako, na daktari alishamwonya: uchungu ukianza, mbio hospitali, akapasuliwe.

Niliendesha gari lake, na tulikuwa tumebakiza kilomita kumi na moja taa ya gia ilipowaka. Gari likang'ang'ania gia ya tatu, likaanza kukoroma kwenye mchanga laini, likasimama. Simu haina mtandao. Bahari ilikuwa imeshageuka, inarudi.

"Baba, limekufa?"

"Tulia, ni kitu kidogo."

"Usinidanganye. Sauti hiyo unawafanyiaga wateja."

Nikachomeka kifaa changu cha kusomea makosa. Kikasema presha ya mafuta ya giaboksi iko chini. Sasa hapo kuna mawili. Ama presha imeshuka kweli, pampu inakata roho, na nikilazimisha mwendo tutaunguza giaboksi na kukwama mbele huko, katikati ya maji na vilima. Ama presha ni nzima na sensa inayoipima inasema uongo. Gari ni lile lile, taa ni ile ile. Nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta: mekundu, yamejaa, hayanuki kuungua. Hilo lilinipa moyo kidogo, kidogo sana.

"Njoo huku kwenye usukani, kanyaga breki, usiachie," nikamwambia. "Shika hiki kifaa, unisomee namba. Usiguse gia, mama. Mimi niko chini."

Nilichimba mchanga kwa mikono, nikajisukuma chini ya injini inayonguruma. Nikaukamata waya wa sensa, nikautikisa.

"Sifuri," akasema Tamsin. "Sifuri. Tano... Sifuri. Sita. Baba, imeruka!"

"Endelea!"

Namba zikakatika. Nikasikia anahema, kisha anaguna kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata alipovunjika mkono. Nilihesabu mpaka hamsini nikiwa nimelala pale, na wimbi moja likaja likanilowesha soksi. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

"Sita," akasema hatimaye. "Sifuri. Sita."

Pampu haiwezi kufa na kufufuka kwa kutikiswa waya. Sensa ilikuwa inadanganya. Nikamwambia azime injini, nikachomoa plagi ya waya wa sensa, na maji yakanidondokea usoni.

Nikajisemea, bahari hiyo, imeingia tulipovuka kijito cha maji ya chumvi kule nyuma. Tone moja likanifikia mdomoni. Halikuwa na chumvi.

Kwetu ukitoka ufukweni huingii nyumbani kabla hujaosha gari chini, chumvi isile chuma. Mimi ndiye ninayewafokea watu wote mjini kuhusu hilo. Na wiki iliyopita nililiosha mwenyewe gari hili la Tamsin, kama zawadi, kwa mashine ya presha, nikalielekeza bomba juu kabisa kwenye giaboksi na kulishikilia hapo.

"Umepata nini?" akauliza.

"Maji kwenye plagi."

"Maji ya wapi?"

"Ya bomba."

"Bomba lipi?"

"Langu."

Kisha akasema, "Mzee, nikipona nitakuua."

Nilivua shati, nikafuta, nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka, nikarudisha plagi, nikaifunga na kipande cha shati. Tukabadilishana viti, nikawasha injini, nikafuta kosa kwenye kifaa. Taa ikazimika. Gari likaingia gia ya kwanza, likatoka.

Kilomita za mwisho tuliendesha mawimbi yakipiga matairi, Tamsin amekishika kipini cha mlango kwa mikono miwili. Mara mbili taa ilimeta. Nikaweka kofia yangu juu ya dashibodi asiione. Kama plagi ingelowa tena, nisingekuwa na muda wa kulala chini mara ya pili, na kosa lingekuwa langu, na ningewapoteza wawili.

Tukapanda njia ya kutokea, matairi yakagusa lami. Hapo pembeni pana bomba la umma la kuoshea magari, na kama kawaida palikuwa na foleni. Mikono yangu ikakata kona kuelekea kule yenyewe, kwa mazoea ya miaka yote.

"Baba!" Tamsin akapiga kelele. "Thubutu!"

Nikarudisha usukani barabarani. Mmoja kwenye foleni akanipungia bomba, akaniita nikaoshe, maana hajawahi kuniona nikipita bila kuosha. Sikumpungia. Hospitali bado ilikuwa dakika ishirini.