Jile ya Mwisho Kwenye Dawa

Djafari aliingia uwanjani kwa Feza akicheka, jile yake, kizibao kisicho na mikono, ikining'inia kwenye kidole kama samaki mdogo.

"Mama Faradji, namba yangu ilienda kuoga, haijarudi."

Feza naye akacheka, akaikunjua. Ilikuwa jile nyeupe ya amerikani, ya chama cha wamotari, wale wanaobeba watu kwa pikipiki. Pale mgongoni alipochapa namba kwa rangi ya buluu, siku sita tu zilizopita, palibaki kivuli kama cha moshi. Djafari alieleza kwamba ni mvua moja, ile ya jana. Feza akamuuliza ilikuwa namba ngapi. Thelathini na nane. Hapo kicheko kikamkauka.

Maana namba arobaini, ya mwisho kabisa, ilikuwa ya Faradji, mtoto wake, aliyeondoka asubuhi ile kupeleka mfanyabiashara Salamabila. Na upande wa Kabambare, njia aliyoshika, mbingu ilikuwa imeshaiva nyeusi.

Kasongo nzima ilijua kwa nini jile zilichapwa. Tangu watu wenye bunduki waweke bariere yao msituni, kizuizi cha kukagua wapitao, motari asiye na namba alihesabiwa kuwa mpelelezi. Chama kiliwapelekea orodha: namba ikilingana na karatasi, unapita. Motari mmoja aliyepita bila namba, kabla jile hazijachapwa, aliingizwa porini wiki tatu zilizopita, na mpaka leo kimeonekana kiatu chake kimoja tu.

Feza alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Nguo kabla ya kuchapwa inazamishwa kwanza kwenye dawa, bila hivyo rangi haiumi, haishiki kitambaa. Fundi aliyemfundisha alimwambia wazi: bidon moja, yaani dumu moja la dawa, nguo ishirini, siku hiyo hiyo, halafu unamwaga. Lakini dawa inatoka mbali, na kumwaga kitu ambacho bado kinateleza kati ya vidole kulimuuma moyo. Alipofika ishirini akaongeza maji, akatia konzi ya unga mpya wa dawa, akafunika, akaendelea kesho yake na kesho kutwa. Na alijaribu, usiseme hakujaribu. Alichukua jile namba moja, akaifua kwa sabuni, akaipiga kwenye jiwe, buluu haikutoka hata tone. Namba moja! Ile iliyokunywa dawa ikiwa changa.

Faradji alikuwa wa mwisho kwa sababu nyumbani kwa Feza mgeni anapakuliwa kwanza, mtoto wa nyumba anangoja. Ndivyo alivyolelewa. Hakuwaza siku moja kwamba adabu hiyo ingempa mtoto wake makapi ya bidon.

Alipiga simu mara nne. Mara nne sauti ya mwanamke ilimjibu kwa Kifaransa kwamba mtu hapatikani.

Alikusanya vile vipande vya plastiki anavyochapia, sifuri mpaka tisa, alivyovikata kwa wembe kwenye bidon la zamani, akavifunga kwenye kitenge, akamwambia Djafari awashe pikipiki. Djafari alitazama mgongo mtupu wa jile yake. Hakucheka tena.

"Mama, na miye sina namba."

"Mama akiwa nyuma yako watauliza kwanza kabla ya kukukamata."

Mvua iliwakuta njiani, ikawapiga usoni kama changarawe. Feza alishika kiuno cha Djafari huku akimwomba Mungu, na kila mti ulioanguka kando ya njia aliuona kama mtu aliyelala.

Kwenye bariere Faradji alikuwa amekaa matopeni, bila viatu, mikono imefungwa nyuma kwa mpira wa kufungia mizigo. Mfanyabiashara wake alikuwa amepitishwa zamani. Mkubwa wa wale watu alishika jile iliyolowa kwa vidole viwili.

"Huyu hana namba. Ni wa nani?"

"Ni wangu," Feza alisema. "Namba iko, baba. Ni miye nilichapa vibaya. Nipe nikuonyeshe."

Alitandaza jile juu ya tanki la pikipiki, akaweka kipande cha namba nne. Kile kipande kilikuwa na pembe mbovu, mahali wembe ulipoteleza, na pembe ile ikakaa sawasawa juu ya kivuli chake. Akaweka sifuri. Mkubwa aliinama, maji yakichuruzika kofiani, akatoa karatasi, akapitisha kidole jina kwa jina.

"Mama, usimvalishe mutoto kitu kama hiki tena," mkubwa alisema mwisho, na mwenzake akakata mpira.

Jioni Feza alimwaga dawa yote nyuma ya choo. Alipita kwa wamotari akizikusanya jile kuanzia ishirini na moja, na kila moja aliifua mbele ya mwenyewe kuona kama namba inashika. Siku hizi anayoipiga kwenye jiwe ni ya mwisho, si ya kwanza. Wewe unayechapa, fanya hivyo, hata kama bidon bado limejaa.

Zote zimerudi isipokuwa thelathini na tisa. Hiyo iko mgongoni mwa Espoir, kijana wa Kivu anayebeba wachimbaji, aliyeelekea Kabambare siku mbili kabla ya Faradji kuondoka. Simu yake haipatikani. Mama yake yuko mbali, hajui kitu cha namba wala cha dawa. Kila pikipiki inayopita, Feza anasimama mlangoni, na vile vipande, tatu na tisa, viko kwenye kitenge chake, vimefungwa tayari.