Kumtoa Gavana

Dereva Mrisho alikuwa kichwa ndani ya boneti, makalio nje, jasho likimchuruzika. Nyuma yake Mzee Mwinyijuma, mwenye lori, alikuwa akihema kwa hasira. Lori lenye shehena ya chumvi lilikuwa limegoma tena chini ya kilima cha Kerege.

"Nimechoka, Mrisho. Likishindwa na leo, nawapa wanunua vyuma. Nawe katafute jembe."

"Injini haijafa, mzee. Silinda sita zimejipanga mstari mmoja, zote zapumua. Kuna anayezikaba tu."

Aliyezikaba alikuwa gavana. Ndivyo madereva walivyokiita kidude kilichobanwa chini ya kabureta ili gari lisikimbie kupita kiasi. Lori lilitoka jeshini, na gavana wake alikuwa kazeeka, springi imelegea, anabana mafuta kabla injini haijachanganya. Bila yeye, hizi sita zingefika wapi? Swali hilo lilikuwa likimnyima Mrisho usingizi. Basi leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Akamfungua, akamtia mfukoni.

"Shuka, Bi Zaina, najaribu jambo."

"Sishuki ng'o!" alijibu mchuuzi wa chumvi, kajikalia juu ya magunia yake. "Likipasuka, nipasuke na mali yangu."

Mrisho akatia moto, Mzee Mwinyijuma kando yake, akakanyaga mafuta mpaka mguu ukagusa bati. Lo! Mngurumo ule hajapata kuusikia. Akatega sikio, asisikie chuma kikigonga wala kulia. Lori likapanda, likapanda, hata likafika juu na pumzi bado linazo. Mrisho akacheka kama mwehu.

"Nimemtoa Gavana!" akapaza sauti. "Kumbe ndiye aliyekuwa akitukaba roho!"

Bi Zaina akapiga vigelegele. Kumbe pale juu, kwenye kivuli cha duka, alikuwapo askari.

"Umemtoa nani?"

"Gavana, afande. Huyu hapa."

Askari akakigeuzageuza kidude. "Hiki kitu. Kitu mtu husema nimekitoa. Wewe umesema nimemtoa. Unadhani sijui mnayosemezana juu ya Bwana Gavana kwenye mikutano yenu ya uhuru siku hizi?"

"Mimi simo," Mzee Mwinyijuma akadakia. "Mimi mwenye gari tu."

Amri ikatoka: gavana arudishwe papo hapo, lori lirudi chini, lipande tena askari akiwa ndani. Ama sivyo, bomani. Mrisho akamrudisha. Walipofika katikati ya kilima, lori likakohoa, likazima.

"Limekufa," alisema Mzee Mwinyijuma, yeye aliyeliona likipanda kwa macho yake mawili. Hakuthubutu kumtazama Mrisho. "Kesho linakwenda kwa wanunua vyuma. Nipe hendeli yangu ya kuwashia."

Mrisho akampa. Lakini lori halikuweza kuachwa katikati ya njia, ikabidi wote walisukume, hata askari, tarbushi imemwendea upande. Bega kwa bega na Mrisho, akamnong'oneza:

"Lakini wee, ukimtoa, kweli linapanda?"

Mrisho hakunong'ona.

"Si umeliona, afande? Ukimtoa, linapanda!"