Magari Yenye Plastiki Vitini

Allan simpendi. Nasema mapema ili mtu asidhani hii ni hadithi ya watu kupatana.

Allan alikuwa meneja wa mauzo wa tawi letu la Jeddah. Mimi nilikuwa Riyadh, ghorofa ya juu pale Olaya, na kazi yangu ilikuwa kumwandikia bosi makadirio: mwaka ujao tutauza magari mangapi, kwa hiyo tuagize mangapi. Inasikika kazi ya heshima, sivyo? Aliyeikalia kabla yangu, Ephraim, Mkenya mwenzetu, aliandika kwamba soko linapanda. Meli ikaleta magari, magari yakalala, na aliyepandishwa ndege kurudishwa kwao ni Ephraim peke yake, kwa sababu sahihi chini ya makadirio ilikuwa yake. Ikama, kibali chake cha kukaa nchini, ikafutwa, halas, kwisha. Mimi niliapa kwamba ndege hiyo siipandi.

Na soko halikuwa linapanda, mtu asiniletee porojo. Wanawake waliporuhusiwa kuendesha magari, watu walinunua kama mchezo, kila nyumba ikaongeza gari. Sasa aliyetaka gari analo. Anayenunua leo anabadilisha la zamani, na hata huyo anapita kwanza kwa Wachina kuuliza bei. Riyadh tuna treni. Soko limeshiba, na mtu aliyeshiba humlazimishi sahani ya pili. Mauzo yetu ya Riyadh yalikuwa palepale, ya Dammam palepale. Jeddah peke yake ndiyo ilikuwa inapaa, na kila mwisho wa robo ya mwaka ilipaa zaidi. Nikamwambia Maryann, niliyekaa naye meza moja, kwamba hapo pana mtu anatufanya wajinga. Maryann akanishauri niandike tu nipumzike. Nikapanda ndege kwenda Jeddah bila kumwambia Allan.

Yadi yetu iko nje kidogo ya Ghulail, na joto la Jeddah na unyevu wake linamvua mtu adabu. Nilimkuta Allan amechuchumaa nyuma ya gari jeupe, shati la ofisini limemganda mgongoni, bisibisi mkononi, anafunga namba pleti. Meneja mzima! Nilimpiga picha kabla hajageuka. Nikachungulia ndani ya gari: viti bado vina plastiki ya kiwandani. La pili vilevile, safu nzima vilevile. Namba ziko, plastiki iko, na vumbi limegandana juu ya boneti kama ukoko wa sufuria. Kwetu gari halifungwi namba mpaka limeuzwa, kwa hiyo nikamuuliza haya yameuzwa kwa nani.

Akasema yamenunuliwa na kampuni ya kukodisha magari, watakuja kuyachukua taratibu. Uongo mtupu. Nani anunue magari ya kukodisha ayaache yaoze kwenye yadi ya mwingine? Yaliandikishwa kwa jina la hiyo kampuni ili yahesabike kuwa yameuzwa, basi. Baadaye yangetolewa kimyakimya kwa bei ya mitumba. Na mimi huko Riyadh ndiye niliyetakiwa kuona Jeddah inapaa, nitie sahihi, meli nyingine ije.

Nilimpasha, sikubakisha. Nilimwambia ni mwizi, kwamba alimtoa Ephraim kafara na sasa ananinolea kisu mimi. Mafundi waliokuwa kivulini waliacha chai yao wakatusikiliza. Allan alifuta jasho kwa kiwiko, akaja karibu.

Hapa lazima nieleze jambo. Allan alikuwa pia mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya, wote tulimwita Chair. Kaka yangu Samuel alipofia Dammam, maiti ilikwama mochari kwa ajili ya makaratasi, na kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, hakupokea simu. Allan ndiye aliyezunguka ofisi kwa ofisi. Aliwachangisha watu, hata dada zetu makadama, wale watumishi wa majumbani wasioruhusiwa kutoka nje ya geti, walituma walichokuwa nacho, mpaka Samuel akazikwa kwetu Nyeri. Jambo kama hilo halilipiki. Na mtu mwenye utu, akishalitenda, halitaji tena.

"Samuel nilimpeleka nyumbani mimi," alisema Allan. "Leo wewe unataka kunipeleka mimi. Fadhila za punda ni mateke, Wangari."

"Usimtaje ndugu yangu kwenye yadi ya magari, Chair. Usimtaje kabisa."

Angenibembeleza, labda ningelegea. Lakini kunisimanga kwa maiti? Niliondoka pale bila kuaga, na nikaandika makadirio yangu ndani ya ndege ya kurudi: soko limekomaa, mauzo ya Jeddah ni ya uongo, tusiagize. Nikaweka na picha zote, ile ya Allan na bisibisi yake ikiwa ya kwanza.

Bosi tunamwita Abu Fahd. Ni mtu mpole, na hilo ndilo baya lake. Alizitazama picha moja moja, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nasubiri apige meza. Badala yake akaanza kunieleza taratibu, kana kwamba mimi ni mgeni aliyepotea njia. Watengenezaji wa magari huko ng'ambo wamempa uwakala kwa sharti kwamba mauzo yasishuke. Yakishuka, wanampa mwingine. Kwamba soko limeshiba alikuwa anajua kuliko mimi, ila wale hawataki kulisikia. Kwa hiyo kila mwisho wa robo, Jeddah inafunga namba. Ile kampuni ya kukodisha ni ya mdogo wake.

Allan mwanzoni alikataa, alisema Abu Fahd. Akakumbushwa kwamba ikama yake, ya mkewe na za watoto zinatoka hapa ofisini. Akakubali, ila akawa anazifunga mwenyewe, eti hataki kumtwika fundi dhambi hiyo. Hilo Abu Fahd alilisema huku anacheka. Nikauliza, na Ephraim je? Akanijibu kwamba makadirio lazima yawe na mwenyewe.

Nikakiweka kikombe chake chini.

"Umefanya kazi nzuri," aliniambia. "Wale wa ng'ambo wakiuliza, sasa nina picha, na mwenye kosa anaonekana. Allan halas. Jeddah utakwenda wewe."

Nilimwambia sitaki. Akanikumbusha, kwa upole uleule, kwamba ikama yangu inakaribia kuisha, na kwamba nafasi yangu ya Olaya amekwisha kumpa mtu mwingine. Ama Jeddah, ama ndege. Akanisukumia tende, akasema yalla, mwisho wa robo uko mlangoni.

Basi ndege sikuipanda. Aliyeipanda ni Allan na mkewe na watoto wao, na wakati wanasubiri kuitwa uwanjani, mimi nilikuwa nimekalia kiti chake, kibonyeo cha mgongo wake bado kipo. Nikampigia. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilitaka kumwambia kwamba sikujua, na kwamba hata hivyo alikosea kumtaja Samuel, yote mawili, kwa sababu yote mawili ni kweli. Alipokea. Nilisikia nyuma yake mtoto anauliza kama Nairobi pia kuna joto.

"Chair," nikaanza.

"Bisibisi iko droo ya chini," alisema, akakata.

Nilimtukana nikiwa peke yangu mle ofisini. Nikamtukana Abu Fahd na mdogo wake na hao wa ng'ambo wasiotaka kusikia. Fundi akagonga kioo, akauliza namba mpya zilizoletwa asubuhi azishushie wapi. Nikamwambia aziache mlangoni, aende zake akanywe chai. Kisha nikavuta droo. Ilikuwepo, mpini umezungushiwa kitambaa pale pa kushika.